Kuzuru Mahali pa Kale Katika Mji wa Dar es Salaam: Somo kwa Watu wa Maore

Leo twataka kuzungumza habari ya safari ambayo watu wengi wa Maore, Ndungu, Kihurio na Gonja huifanya, lakini ni wachache waifanyao macho yao yakiwa wazi. Mtu hupanda gari, hufika Dar es Salaam, huuza mpunga wake au humtazama ndugu yake mgonjwa, kisha hurudi. Ukimwuliza, “Umeona nini?” hujibu, “Nimeona watu wengi na magari mengi.” Jibu hilo ni kweli, maana sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa ule watu zaidi ya milioni 5. Walakini mji si watu na magari tu. Mji ni kitabu pia, na kurasa zake ni majengo, sanamu, makaburi na majina ya mitaa. Asiyejua kuzisoma kurasa hizo hupita kama kipofu aliyepewa barua.

Kwanza tuondoe shaka moja. Makao makuu ya nchi yetu sasa ni Dodoma. Uamuzi wa kuyahamishia huko ulifanywa mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na sheria ya kuutambua mji huo kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka 2018. Lakini Dar es Salaam ulikuwa mji wa utawala tangu mwaka 1891, wakati Wajerumani walipoyaondoa makao yao Bagamoyo, na ukaendelea hivyo katika siku za Waingereza na baada ya Uhuru. Kwa hiyo mtu atakaye kuona alama za tawala zilizopita na atazame mji huo wa pwani.

MASWALI MATATU YA KUCHUKUA SAFARINI

Mwalimu akusudiaye kuwapeleka wanafunzi wake, na baba akusudiaye kumpeleka mwanawe, na awafundishe kwanza maswali matatu. Maswali haya ni mepesi, hata mtoto wa darasa la nne aweza kuyashika.

La kwanza: Ni nani aliyeamuru kitu hiki kijengwe, na katika mwaka gani?

La pili: Ni nani aliyebeba mawe, chokaa na miti yake?

La tatu: Ni nani aliyestahili kutajwa hapa, wala hakutajwa?

Swali la kwanza kwa kawaida lina jibu tayari, limeandikwa ukutani. La pili na la tatu hayajibiwi na ukuta, yataka kufikiri. Na hapo ndipo ilipo faida ya safari yetu, maana jibu la maswali hayo mawili mara nyingi ni watu waliotoka vijijini kama sisi.

NJIA YA KWENDA

Kutoka Maore, wengine hupanda kwa Kisiwani mpaka Same, wakaishika barabara kuu. Wengine huteremka kwa Ndungu na Kihurio mpaka Mkomazi. Kutoka Same hata Dar es Salaam ni yapata kilometa 450. Iko na njia ya reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, ikapita chini ya milima ya Upare, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati, na tangu hapo gari la moshi liliweza kutoka kwetu hata Dar es Salaam. Treni ya abiria ilikuwa imekoma miaka mingi, ikarudishwa mwezi wa Desemba 2019. Atakaye kusafiri kwa reli na aulize kwanza stesheni, asije akakesha bure.

Mkiwa njiani, waalimu, msiwaache watoto walale. Waonyesheni tuta la reli, mkawaambie kwamba hiyo nayo ni alama ya kale. Kabla ya reli, misafara ya pembe na nguo iliyotoka Pangani na Tanga kwenda Uchagani ilipita chini ya milima yetu hii kwa miguu, na kila mzigo ulikuwa juu ya bega au kichwa cha mtu. Neno hili la mzigo na mtu mlishike vema, maana tutalikuta tena na tena katika safari yetu.

BOMA LA KALE NA MAKANISA YA PWANI

Mkifika mjini, anzeni pwani, penye bandari, kwa sababu ndipo mji ulipoanzia. Zamani palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima. Katika miaka ya 1860, Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari ile tulivu, akaanza kujenga mji wake, akauita Dar es Salaam, yaani nyumba ya salama. Alikufa mwaka 1870 kazi haijakwisha, na nduguye Barghash aliyemfuata hakuushughulikia. Nyumba nyingi zikabomoka. Lakini Boma la Kale, lililojengwa yapata mwaka 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani, lingaliko mpaka leo, karibu na gati ya vyombo viendavyo Unguja.

Simameni mbele ya Boma mkatazame mambo mawili. Jambo la kwanza ni kuta. Ni nene, nazo ni za mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini na pwani, yakaunganishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyapanga matumbawe juu ya magogo mengi na kuyachoma moto. Jambo la pili ni dari. Imeshikwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti nzuri haiwi ndefu, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba, upana wake kwa kawaida hauzidi sana meta tatu. Urefu wa mti ndio uliompimia fundi chumba chake. Kwetu Upare ni vivyo hivyo: aliyejenga ndiva ya kukusanyia maji ya shamba alitazama kwanza mlima na kijito, hakuyaamuru maji yapande.

Kisha ulizeni swali la pili. Nani aliyebeba matumbawe yale na kukata mikoko ile? Sultani hakubeba. Katika siku hizo kazi nzito za pwani zilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, na wengi wao walikuwa wametolewa bara. Hakuna jina la hata mmoja wao ukutani.

Kutoka Boma tembeeni kandokando ya bandari. Mtaliona Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu, lililoanza kujengwa mwaka 1898 na kwisha mwaka 1902. Karibu nalo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililoanzwa mwaka 1897, likakamilika mwaka 1902, na kuwekwa wakfu mwaka 1905. Hayo yote mawili ni ya siku za Wajerumani. Mbele zaidi ni Ikulu. Nyumba ya Gavana wa Kijerumani iliyokuwa mahali pale iliharibiwa kwa mizinga ya manowari wakati wa Vita Kuu ya kwanza, na Waingereza wakaijenga upya, ikamalizika mwaka 1922. Hapo hamwingii, wala msielekeze kamera bila ya ruhusa ya walinzi. Kupita kwa adabu kunatosha.

SANAMU YA ASKARI

Sasa ingieni katikati ya mji, penye Mtaa wa Samora. Katika mzunguko wa barabara mtamwona askari wa shaba amesimama juu ya jiwe, bunduki mkononi, singe yake imeelekea bandarini. Hiyo ndiyo Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927, na mchongaji wake ni Mwingereza James Alexander Stevenson. Maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu pia. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Uingereza.

Lakini mahali pale Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu nyingine kabla ya hiyo, sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa Gavana wao na jemadari wa vita vyao vya kuishika pwani. Katika sanamu ile Mjerumani alisimama juu, na askari Mwafrika aliwekwa chini ya miguu yake, akimtazama bwana wake. Waingereza walipouingia mji mwezi wa Septemba 1916 waliiondoa. Baadaye ilichukuliwa Ujerumani, ikasimamishwa katika mji wa Hamburg mwaka 1922. Na mwaka 1968 wanafunzi wa mji huo, waliochukizwa na mambo iliyoyasifu, wakaiangusha.

Linganisheni sanamu hizi mbili. Katika ile ya kwanza Mwafrika yuko chini. Katika hii ya pili yuko juu, peke yake. Je, basi kila mtu amepata haki yake? Ulizeni swali la tatu.

Vita vile vilivyopiganwa katika nchi yetu tangu 1914 hata 1918 havikuwa vita vya askari tu. Magari yalikuwa machache, barabara zilikuwa mbovu, na ng’ombe, farasi na punda walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo. Ikawa chakula, risasi, mahema na hata vipande vya mizinga vilichukuliwa na watu. Kila mchukuzi alitwikwa mzigo wa yapata kilo 25, akaenda siku nyingi katika mvua na jua, kwa posho ndogo. Pande zote mbili, Wajerumani na Waingereza, ziliwachukua watu wa vijiji kwa kazi hiyo, na wengi hawakuulizwa kama wapenda. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu na kwa njaa kuliko kwa risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa walikaribia watu 100,000.

Wala vita hivi havikupita mbali nasi. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Waingereza lilishuka kutoka upande wa Kilimanjaro likiifuata reli, likapita Same, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Mombo. Jeshi likipita, wachukuzi hupita nalo, na nyuma yake hubaki maghala matupu.

Maandishi ya Sanamu ya Askari huwataja wachukuzi pamoja na askari, na hilo ni jema. Lakini umbo la shaba ni la askari peke yake, na jina la mchukuzi hata mmoja haliko. Mwezi wa Aprili 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kazi yake ni kuwakumbuka waliokufa vitani, ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wengi zaidi sana, waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika vita vile hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Na sehemu kubwa yao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Ikaomba radhi. Basi somo letu si hadithi ya kale iliyokwisha. Ni deni ambalo lingali halijalipwa.

MAKUMBUSHO YA TAIFA

Siku ya pili nendeni Makumbusho ya Taifa, karibu na Bustani ya Mimea iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumkumbuka Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na baada ya Uhuru yakaongezwa majengo mapya.

Huko wanafunzi watasoma habari za fuvu lililoonekana Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na Bibi Mary Leakey. Umri wake ni yapata miaka milioni moja na laki saba na nusu. Wazee wetu husema kwamba aliyelala kaburini hasemi. Lakini fuvu lile limewaambia wataalamu habari nyingi kwa meno yake tu. Katika uwanja wa Makumbusho iko na kumbukumbu ya watu 11 waliouawa na bomu katika ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Hapo simameni kimya kidogo.

Tena mwalimu na awaeleze habari ya kitu ambacho hawatakiona. Katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, Wajerumani walichimba tangu 1909 hata 1913 mifupa ya wanyama wakubwa mno wa zamani za zamani. Mifupa hiyo, uzito wake zaidi ya tani 200, ilichukuliwa mabegani mwa wapagazi safari ya siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikasafirishwa. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na watu wa mataifa yote huenda kumtazama. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limehifadhiwa vitabuni. Ya wapagazi ni machache mno yajulikanayo.

Kama mna nafasi, fikeni pia Kijiji cha Makumbusho katika barabara ya Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1967. Humo mna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kama zilivyokuwa zamani. Mtoto wa Maore na atazame mapaa, kuta na milango, kisha alinganishe na nyumba aliyozaliwa bibi yake. Akirudi amwulize bibi yaliyo sawa na yasiyo sawa.

MNAZI MMOJA NA KARIAKOO

Siku hiyo hiyo, jua likipoa, pitieni Mnazi Mmoja mwone Mnara wa Mwenge, ukumbusho wa Uhuru wa mwaka 1961. Hiyo ndiyo alama ya tatu katika somo letu. Alama ya kwanza ilimsifu jemadari mgeni, ya pili ilimsifu askari, na ya tatu haina umbo la mtu. Ni mwenge, ili kila raia ajione yumo. Hivyo twaona kwamba kila utawala husimamisha kile ukipendacho, na atakaye kujua mawazo ya watu wa wakati fulani na atazame walimweka nani juu ya jiwe.

Kutoka Mnazi Mmoja hata Kariakoo ni mwendo mfupi. Huenda mkasema, “Kariakoo twapajua sana, ndiko tununuako nguo, vyombo na vipuri.” Ni kweli. Watu wa Maore hufika Kariakoo kuliko mahali pengine pote mjini. Lakini ni wangapi wamepata kuuliza maana ya jina hilo?

Wajerumani walikuwa wamejenga banda kubwa la soko mahali pale kabla ya vita. Waingereza walipoushika mji, wakaliweka humo na kandokando yake jeshi la wachukuzi wao. Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa kwa maneno mawili, na vinywa vya watu vikayageuza yakawa neno moja la Kiswahili: Kariakoo. Nairobi nako iko Kariokor, nayo jina lake lina asili hiyo hiyo. Soko la sasa, kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwezi wa Julai 2021 liliungua moto. Banda la kwanza halipo, wachukuzi hawapo, lakini jina lingaliko vinywani mwa watu kila siku.

Basi tazameni ajabu hii. Askari alipewa sanamu ya shaba. Mchukuzi hakupewa shaba. Alipewa na watu wenyewe jina la mtaa, na jina hilo latajwa kwa siku moja mara nyingi kuliko sanamu yo yote itazamwavyo kwa mwaka. Lakini jina lisilojulikana maana yake ni kama taa iliyofunikwa. Kuifunua ni kazi ya waalimu na wazazi.

BAGAMOYO

Mwenye siku ya tatu na aende Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa yapata kilometa 70. Hapo palikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wengine husema jina lake ni “bwaga moyo”, kwa sababu mpagazi aliyefika pwani alitua mzigo na kupumzika. Wengine husema ni neno la huzuni la mtumwa aliyejua kwamba hatairudia nchi yake. Maana zote mbili zatoka kwa watu waliotembea kwa miguu wakibeba vitu vya wengine.

Huko iko misheni ya Wakatoliki iliyoanzwa mwaka 1868. Katika kanisa la misheni hiyo, mwezi wa Februari 1874, uliwekwa mwili wa Dokta Livingstone, Mskochi msafiri mashuhuri. Alikufa mwezi wa Mei 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watumishi wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, waliukausha mwili, wakauchukua kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500 mpaka pwani, ili azikwe kwao. Livingstone ana kaburi katika kanisa kubwa la London. Waliomchukua wengi wao hawana. Kisha fikeni Kaole, kilometa chache kusini ya mji, mwone magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, mjue kwamba pwani yetu ilikuwa na miji na biashara ya ng’ambo muda mrefu kabla ya Sultani Majid na kabla ya Wazungu.

MKISHA KURUDI MAORE

Safari isiyoacha kitu nyumbani ni matembezi tu. Huenda mzee mmoja akamwambia mwalimu, “Mwanangu, mmetumia fedha za watu kwenda kutazama mawe ya zamani. Yatatupatia maji shambani?” Mwalimu asikasirike. Na amjibu kwa heshima, “Baba, hayatatupatia maji. Lakini yametufundisha kuuliza habari za waliotuchimbia mifereji, kabla hatujawasahau nao.” Naamini mzee ataelewa, maana yeye mwenyewe anayo mengi ambayo hajaulizwa.

Kwetu Same iko historia kubwa. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walitoka vijijini mwao wakakusanyika Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kiasi chake kilikisiwa kwa kutazama mali ya kila mtu. Walikaa huko wakiidai haki yao bila ya kumwaga damu. Habari hizi zingeweza kupotea. Zimehifadhiwa kwa sababu mwana wa Upare, Isaria Kimambo, aliyekuwa mwalimu mkuu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alirudi milimani, akaketi na wazee, akawauliza na kuandika. Mwaka 1969 alitoa kitabu cha historia ya utawala wa Wapare, na mwaka 1971 akatoa kijitabu juu ya mbiru. Hakuwa na shaba wala jiwe. Alikuwa na karatasi, kalamu na subira.

Kazi kama hiyo, kwa kadiri ndogo, yaweza kufanywa na kila shule. Kila mwanafunzi na apewe daftari moja. Mfano wa mazungumzo ni huu:

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Habari za shule?”

“Njema, babu. Mwalimu ametutuma tuulize. Katika ukoo wetu, yuko aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani na Waingereza?”

“Mimi sikuviona vita vile, lakini nilisikia kwa baba yangu. Keti.”

Mtoto akisha kuketi, aandike mambo matano: jina la mtu, jina la baba yake na ukoo wake, kijiji alikotoka, alichukuliwa na nani, na kama alirudi au hakurudi. Aandike pia jina la mzee aliyemweleza na tarehe ya siku hiyo. Asiongeze neno lake mwenyewe. Kama mzee hajui, aandike kwamba hajui, maana shahidi mkweli ni bora kuliko hadithi tamu. Madaftari yakijaa, yawekwe shuleni mahali pakavu, na nakala moja iwekwe katika ofisi ya kijiji, mbali na mchwa na mvua.

Wakubwa wa vijiji, kazi hii haitaki fedha nyingi, lakini haingoji. Waliokwenda vitani wamekwisha kufa wote. Watoto wao nao wamekwisha au ni wazee mno. Wajukuu ndio waliobaki na neno. Wakiondoka hao, hata halmashauri yenye fedha na nia njema haitaweza kuandika jina ambalo hakuna alijuaye.

MASWALI YA KUULIZANA SHULENI

1. Kwa nini vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba?

2. Taja alama tatu zilizosimamishwa Dar es Salaam katika tawala tatu, ueleze kila moja ilimweka nani juu.

3. Jina la Kariakoo latoka wapi?

4. Kwa nini majeshi ya mwaka 1914 hata 1918 yalitumia wachukuzi wengi namna ile?

5. Katika kijiji chako, ni kitu gani cha kale ambacho kila mtu hukitumia wala hakuna aulizaye aliyekijenga? Mwulize mzee mmoja, uandike jibu lake.

Basi, msomaji mwema, mara nyingine utakapofika Kariakoo na gunia lako la mpunga wa Maore, ukamwona kijana wa soko akilitwaa begani na kupenya nalo katikati ya watu, mlipe ujira wake kwa haki, umwulize na jina lake. Wenzake wa zamani walipita mahali pale pale na mizigo mizito kuliko huo, wala hakuna aliyewauliza.